Kilio Kisicho na Maiti pale Mabwerebwere

Vijana wangu, kabla ya jambo lolote naomba kusahihisha kumbukumbu. Hivi karibuni, katika mahafali ya shule moja hapa Kilosa, mshereheshaji aliyevaa suti ya kubana alinitambulisha kwa maneno haya: "Na huyu ndiye mzee wetu aliyefunga mabanda ya video wilaya nzima!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilisimama, nikainamisha kichwa kama impasavyo mgeni mwalikwa, nikaketi. Lakini pilau ya siku hiyo sikuisikia ladha.

Sikufunga mabanda wilaya nzima. Nilihusika na kufungwa kwa banda moja, la Bi. Zuhura wa mtaa wa Mabwerebwere, kwa siku kumi na tisa, na kosa halikuwa lake. Nakala za barua zote ninazo, ndani ya bahasha ya kaki. Anayetaka kuziona aje nyumbani, anawe mikono, nitamwonyesha.

Jambo la pili la kusahihisha: mimi si mtaalamu wa filamu, wala sikuwahi kudai hivyo. Nilikuwa mtazamaji wa kawaida aliyepewa mhuri. Ninyi mnaotazama filamu kwenye simu, mkiruka vipande vinavyowachosha kana kwamba mnaruka madimbwi, hamwezi kujua uzito wa mhuri ule. Basi nitawaeleza.

Miaka ile watu waliiita miaka ya ruksa. Kabla yake, sinema Kilosa ilikuja kwa gari, ikafungiwa shuka jeupe kwenye kiwanja cha shule, na mara nyingi ilihusu choo bora au palizi ya pamba. Kisha biashara ikafunguliwa. Mitumba ikajaa sokoni, redio zikawa kubwa kuliko makabati, na kila mwenye ndugu Dar es Salaam akaletewa deki ya video na televisheni. Kuta za udongo, viroba madirishani kuzuia mwanga, mabenchi ya mbao: hilo ndilo banda la video. Waganga wa kienyeji walilalamika kuwa wateja wao wamehamia huko, na sina sababu ya kutowaamini.

Mimi nilikuwa Afisa Utamaduni. Kama ilivyokuwa desturi ya kusema Bwana Shamba na Bwana Afya, mimi nilikuwa Bwana Utamaduni. Nilisimamia ngoma, kwaya na mashindano ya ngonjera. Mara nikajikuta nasimamia mikanda. Mwenye banda alipopata mkanda mpya aliuleta ofisini, nami niliukagua, nikaandika maoni yangu kwenye fomu, nikapiga mhuri.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Ofisini hatukuwa na deki. Televisheni hatukuwa nayo. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza mkuu wangu, "Mzee, mkanda unakaguliwaje bila kuuona?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa namna ya kupiga mswaki.

"Soma jalada," akasema. "Ukiona bunduki, andika 'watu wazima'. Ukiona maua, andika 'familia zote'. Ukiona mwanamke aliyevaa nguo pungufu, mrudishie mwenye mkanda na umwulize kama ana mama."

Nilifanya kazi kwa kanuni hiyo miaka kadhaa, na ninakiri ilinirahisishia maisha. Niliweza kukagua mikanda sita kabla ya chai ya saa nne.

Banda la Bi. Zuhura lilikuwa safi kuliko ofisi yetu. Yeye alikuwa karani katika shamba la mkonge kule Rudewa hadi mkonge ulipodorora na makarani wakapunguzwa. Alihamishia ukarani wake kwenye video. Mabenchi yalipangwa kwa mstari, sigara marufuku, na kila Alhamisi alasiri ilikuwa siku ya akina mama: hakuna picha za mapigano, hakuna vijana wa kupiga miluzi. Nyumba yake ilishikana na banda, na chumba cha jirani kabisa alilala mama yake, Bibi Hadija, aliyekuwa mgonjwa wa miguu kwa muda mrefu.

Mkalimani wake aliitwa Nkwabi. Ninyi mmezoea maandishi yanayopita chini ya picha. Sisi tulikuwa na mtu. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akitafsiri kila neno kadiri picha inavyokwenda. Nkwabi alitoka katika familia za wafugaji zilizohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa ziwa. Aliacha fimbo akashika kipaza sauti, na baba yake hakumsamehe upesi. Niliwahi kumwuliza anajua lugha ngapi.

"Kisukuma, Kiswahili, na Kiingereza cha kuswagia ng'ombe," akajibu. "Lakini picha, Bwana Utamaduni, huwa naielewa mgongoni mwa mtu. Mtu akikasirika mgongo unasema."

Halafu kulikuwa na sheria ya watazamaji, ambayo hakuna afisa aliyeiandika: stelingi hafi. Mhusika mkuu apigwe, atupwe mtoni, aungue, lakini asife. Watu walikaa kwenye mabenchi yale kwa imani hiyo kama mtu anavyokaa kwenye kiti akijua kina miguu minne.

Siku moja Bi. Zuhura akaniletea mkanda wenye jalada la bibi harusi akiwa amesimama katikati ya uwanda wa maua. Nilifurahi. Niliandika, na nakala ninayo: "Picha ya harusi. Inafaa kwa familia zote." Mhuri. Nikaendelea na chai.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, banda lilijaa akina mama pomoni. Sikuwapo, nayasimulia niliyoyathibitisha kwa mashahidi. Picha ilianza kwa harusi kweli. Bibi harusi anapelekwa kwenye nyumba ya upweke uwandani, anaishi na mumewe na mama mkwe wake ambaye macho yamefifia. Wanapendana, wanacheka, wanafinyanga vyungu. Halafu, katikati ya mkanda, bila adui, bila bisu, bibi harusi anaugua siku tatu na kufa. Stelingi kafa, na nusu ya mkanda bado.

Yanayofuata hayana maneno. Mume anatoa nguo zote za marehemu, anazifua moja moja, anavuta kamba ndefu kutoka mlangoni hadi mbali uwandani, anazianika. Upepo unakuja, unazijaza, zinasimama kama watu. Na yule mama mkwe asiyeona vizuri anatoka nje akipapasa, anashika mkono wa gauni moja, anasema nalo.

Hapo Nkwabi, ambaye alikuwa amenyamaza kitambo kirefu kuliko alivyowahi kunyamaza maishani mwake, akainua kipaza sauti na kutafsiri taratibu: "Mwanangu, umekula?"

Nilielezwa kuwa mwanamke wa kwanza kulia alikuwa muuza vitumbua wa stendi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia hata kwa moshi. Kisha benchi zima. Kisha banda zima. Si kwikwi: kilio, vijana wangu, kile cha mikono kichwani. Kikatoka nje kupitia viroba vya madirishani, kikaenea Mabwerebwere yote.

Majirani walisikia kilio cha wanawake kutoka nyumba yenye mgonjwa. Wangefikiri nini? Walifanya kama majirani wema wanavyofanya. Wanawake wakafunga kanga viunoni, wakaja na unga na kuni. Wanaume wakaja na majamvi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kibwana, mtu wa utaratibu kama mimi, hakusubiri kuulizwa: akatuma vijana wanne na majembe makaburini, kwa kuwa jua lilikuwa linakwenda na maiti haicheleweshwi.

Waliingia uani wakiwa wamejitanda, wakamkuta Bibi Hadija ameketi mlangoni, akitafuna kashata.

"Nani kafa?" akauliza, naye ameanza kujifunga kanga.

Mzee Kibwana, ambaye hajui kusema uongo, akasema, "Dada, tulidhani ni wewe."

"Mimi?"

"Kaburi limeshafika kiunoni."

Bibi Hadija akafikiri. "Mnachimba wapi?"

"Pembeni ya marehemu mumeo."

"Hapo sawa," akasema. "Lakini si leo."

Akina mama waliotoka bandani, macho yamevimba, waliona majamvi yametandikwa na kuni zimepangwa, na nusu yao wakaanza kulia upya, wakidhani kweli kuna msiba. Ilichukua muda mrefu kuwatenganisha waliolia kwa picha na waliolia kwa sababu wenzao wanalia.

Kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Hilo huko kwetu kila mtu analijua. Ilibidi wazee wakate mgomba, wauzike badala ya mtu, wafukie. Nani alikuwa amezikwa pale? Kufika kesho yake mtaa mzima ulikuwa na jibu: ni yule bibi harusi wa kwenye mkanda. Wapo waliopita wakisema "pole zake."

Mzee Kibwana hakucheka. Alivaa koti, akaja ofisini na malalamiko yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri ambao hadi leo nauhusudu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." "Marahaba," akasema, na hakuketi.

"Bwana Utamaduni, sina ugomvi na burudani. Lakini yule mama ni mgonjwa. Siku atakapotutoka kweli, watu watasikia kilio, watasema: ah, ni video ya Zuhura. Watageuka upande wa pili. Mama atakaa ndani bila mtu wa kumwosha. Nataka banda lifungwe, lisifunguliwe tena."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na ingali nzito. Wakubwa wangu waliisoma wakaagiza banda lifungwe mara moja, na mimi niandike ripoti: je, kibali kifutwe moja kwa moja au la? Bi. Zuhura hakuwa na shamba, mkonge ulikuwa umekufa, na watoto wake watatu walikuwa shuleni. Kibali kikifutwa, alikuwa amekwisha.

Naomba mnielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo mshereheshaji wenu alipopotea. Rasimu yangu ya kwanza ilisema mwenye banda "alionyesha picha nzito tofauti na ilivyoelezwa wakati wa ukaguzi." Kila neno lilikuwa kweli, na sentensi nzima ilikuwa uongo. Nilikuwa nikijikinga na mhuri wangu mwenyewe.

Bi. Zuhura alikuja kabla sijaipeleka kuchapwa. Aliweka jalada la mkanda mezani.

"Bwana Utamaduni, picha hii uliiona?"

"Niliikagua, Bi. Zuhura."

"Sikuuliza kukagua."

Nikapanga kalamu zangu. Yeye akasubiri. Kuna watu wanaojua kusubiri. Makarani wa mkonge ni miongoni mwao.

"Sikuiona," nikasema.

"Basi njoo uione, ndipo unifunge. Nifungwe na mtu aliyeona."

Nilikwenda kesho yake saa sita mchana, bandani mkiwa na watu watatu tu: mimi, Bi. Zuhura na Nkwabi, aliyesisitiza kutafsiri kwa kipaza sauti ingawa nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Niliketi na daftari. Nawapa ujuzi wa kwanza: usiandike wakati picha inakwenda. Niliinama kuandika "harusi ya heshima, mavazi mema," nikainua kichwa, mwanamke keshakufa. Nilifunga daftari na sikulifungua tena.

Ilipofika kwenye nguo nilisogea ukingoni mwa benchi. Sitawaambia kama nililia. Hilo halimo kwenye kumbukumbu rasmi. Nitawaambia kilichonishangaza kwa macho: kila kitu kilikuwa cha buluu. Uwanda wa buluu, kuta za buluu, nguo zile ndefu za buluu zikipepea kwenye anga la buluu. Nilijiona nimeelewa jambo kubwa. Nilirudi ofisini nikaandika ukurasa mzima kuhusu jinsi mtengenezaji alivyoivika dunia rangi ya baridi ili mtazamaji ahisi upweke wa mfiwa. Nikampelekea Bi. Zuhura ausome kabla ya kuchapwa, kwa fahari.

Alisoma mpaka mwisho. Kisha akaita, "Nkwabi! Njoo usikie." Walicheka mpaka Bibi Hadija akagonga ukuta.

"Bwana Utamaduni," Nkwabi akasema akijifuta macho, "kwenye televisheni yetu rangi nyekundu na kijani zilikufa tangu masika. Hapa hata picha za jangwani ni za buluu. Hata nyanya."

Hiyo ndiyo aibu iliyonifaa kuliko semina zote nilizohudhuria. Kabla hujasifu rangi ya filamu, kijana, hakikisha si ugonjwa wa kioo chako. Nanyi mnaopunguza mwanga wa simu ili betri isiishe, halafu mnasema filamu ina giza, mnanikumbusha mimi.

Sikutaka kuandika ripoti nyingine ya kubahatisha. Nilipanda lori la mizigo hadi Mikumi, mkanda ukiwa kifuani kama cheti, kwa kuwa kando ya barabara kuu kulikuwa na nyumba ya wageni yenye deki na televisheni mpya ukumbini. Mhudumu alinikubalia mchana, wageni wakiwa mbugani wanatazama tembo. Madereva wawili wa malori waliokuwa wakila walinisogelea na sahani zao.

Vijana wangu, haikuwa buluu. Maua yalikuwa ya njano iliyoumiza macho. Nguo za yule marehemu zilikuwa nyekundu, zote, nyekundu kama pilipili iliyoanikwa, zikicheza kwenye jua kali. Ilikuwa siku nzuri. Dunia ya picha ile haikuwa na habari kwamba mtu amekufa. Na hapo ndipo iliponielemea zaidi kuliko buluu. Siku nilipomzika baba yangu kule Ruhembe, miwa ilikuwa imestawi na kung'aa, na nilikasirika sana na miwa ile. Sikuwahi kujua kuwa kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kukasirikia hali ya hewa.

"Mzee," dereva mmoja akaninong'oneza, "jamaa anafua nguo za nani?"

"Za marehemu mkewe."

Akatafuna taratibu, macho kwenye kioo. "Basi aanue. Wingu lile pale nyuma ni la mvua."

Mwenzake akampiga kiwiko. "Ataanuaje? Akianua si ndiyo imeisha?"

Wakaacha kula wote wawili. Nimesoma baadaye maoni marefu ya wasomi kuhusu filamu za majonzi, sijakutana na lililozidi hilo la dereva.

Tangu wakati huo nimetazama picha nyingi za namna hiyo, maana ukishaonja, za mapigano zinakuwa kama maji ya kunawa. Nimejifunza kuzitenga kwa njia yangu. Kuna picha moja ambayo kila tone la mvua lilipigwa picha kana kwamba ni almasi. Ilipendeza kama kitenge cha dukani, nayo haikunigusa popote, kwa sababu hakuna aliyelowa. Kuna nyingine ilimwua mtoto kila baada ya robo saa. Nililia, ndiyo, lakini hata kitunguu kinaniliza. Picha nzito ya kweli hainishiki shati inidai machozi. Inafanya kazi yake pale mbele, inafua nguo zake, na mimi ndiye ninayesogea. Na uzuri wake lazima ubebe kitu. Nikiona mandhari nzuri, huwa najiuliza: nani anatazama hapa, na amepoteza nini? Kama hakuna jibu, nakwenda kunywa maji.

Turudi kwenye shauri. Kikao kiliitishwa na mtendaji wa kata, kifanyike bandani kwa Bi. Zuhura. Nilipendekeza, na wakubwa wakaafiki, kwamba wazee waione picha kwanza. Kwa hiyo Mzee Kibwana na wazee watano wakaketi kwenye mabenchi ya akina mama, kofia zimenyooka, fimbo katikati ya magoti. Niliwaeleza kuwa buluu ile waipuuze.

Mume alipoanika nguo, mzee mmoja alikohoa. Mama mkwe alipouliza "Mwanangu, umekula?" hakuna aliyekohoa. Picha ilipoisha, Mzee Kibwana aliendelea kukitazama kioo kitupu.

"Hawakumzika," akasema.

"Naam, Mzee?"

"Yule mwanamke. Tumeoneshwa amekufa, tumeoneshwa nguo. Mazishi hatukuoneshwa. Ndiyo maana wake zetu walilia vile. Mtu akizikwa, kilio kina pa kushukia. Huyu wamemwacha mikononi mwao." Akamgeukia Nkwabi. "Na wewe, lugha ile unaijua?"

"Hapana, Mzee. Hata jina lake silijui."

"Umejuaje kuwa alimwuliza kama amekula?"

"Mzee, mama mkwe mwenye upendo anamwuliza nini mkwewe akimkuta amesimama nje?"

Mzee Kibwana akatikisa kichwa polepole. Nilidhani shauri limekwisha. Halikuwa limekwisha. Alifungua malalamiko yake akatoa nakala ya fomu yangu.

"Picha hii si mbaya," akasema. "Ubaya ni kwamba watu waliingia wakidhani wanakwenda harusini. Angeniambia mtu kuwa leo kuna majonzi bandani, nisingetuma mtu makaburini. Hapa pameandikwa 'picha ya harusi'. Nataka kujua nani aliwadanganya wake zetu. Kama ni Zuhura, kibali kifutwe."

Bi. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni. Angeweza kunitaja, maana nilikwisha kukiri kwake kwa mdomo wangu. Lakini alinitazama tu, kwa ile subira ya karani.

Mkononi nilikuwa na ripoti iliyochapwa, kurasa tatu, zenye hoja nzuri na njia ya kutokea iliyofichwa kwenye aya ya nne. Niliikunja.

"Ni mimi, Mzee," nikasema. "Sikuitazama. Nilisoma jalada nikapiga mhuri. Na si hii tu. Ni zote."

Mmoja wa wazee akauliza kwa mshangao wa kweli, "Zote? Sasa kutwa ulikuwa unafanya nini?"

Niliomba karatasi, nikaandika palepale kwa mkono niliyoyasema, nikatia saini na kumkabidhi mtendaji wa kata. Hiyo ndiyo ripoti iliyopokelewa. Ile iliyochapwa haikuwahi kuingia kwenye jalada.

Mzee Kibwana akatoa uamuzi wake akiwa amesimama. Picha ya majonzi itatangazwa mtaani asubuhi, kwa jina hilo hilo, majonzi. Na kuhusu hofu yake juu ya Bibi Hadija, akasema, "Kuanzia leo, Mabwerebwere hatuchimbi kwa kusikia. Tunachimba kwa kuambiwa. Zuhura, siku ikifika, ya mbali inshallah, njoo mwenyewe kwangu, hata kama ni kwa miguu peku. Nami nitapita mlango kwa mlango. Mdomo wangu hakuna atakayedhani ni video."

"Nimekubali, Mzee," akasema Bi. Zuhura, na sauti yake ilikatika kidogo.

Kutoka ukutani tukasikia, "Na mimi mniambie mapema!"

Wakubwa wangu walinipa barua ya onyo. Imo ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na zingine. Pia waliiombea ofisi deki, na ingawa ilichukua muda mrefu kufika, ilifika. Siku ya ishirini nilibeba kibali kipya mwenyewe hadi Mabwerebwere, kimesainiwa na kupigwa mhuri. Bi. Zuhura alikisoma neno kwa neno, mbele na nyuma. Hakunishukuru, wala sikustahili. Alinipisha mlangoni, akanionyesha benchi la mbele.

"Mkanda mpya umeingia leo," akasema. "Kaa. Leo huandiki kitu kabla ya mwisho."

Ilikuwa picha ya mapigano. Mtu mmoja aliyevaa fulana iliyochanika alipigana na watu wasiohesabika kwa saa mbili kasoro, na risasi hazikumwishia hata mara moja. Mwangaza ulikuwa mbovu, muziki ulipiga kelele, na adui alikufa mara mbili kwa uzembe wa watengenezaji. Niliitazama yote, mpaka majina yalipokwisha kupanda na kioo kikabaki na chengachenga. Sijawahi kuona picha mbaya zaidi maishani mwangu, na anayetaka nimweleze kwa nini, nitamweleza tukio kwa tukio.